Jinsi ya kumwandika mama katili kwenye tamthilia ya uhalifu, na kwanini wa Moshi atatisha kuliko mwenye bastola

Wadau, hii ni kwa wale mnaoandika tamthilia ya uhalifu na mmeamua adui wenu awe mama. Sio mama mkwe wa kununa na kubinua mdomo, huyo tumemuona mpaka tumechoka, namaanisha mama ambaye ndiye kichwa cha genge, akisema fulani apotee anapotea, na Jumapili yuko kanisani benchi la mbele. Nitatumia Moshi na Arusha kwasababu ndiko nakokujua na ndiko stori ya hivi inakaa bila kulazimisha, kuna madini, kuna mipaka ya Kenya ya Namanga, Holili na Tarakea, kuna mabasi, kuna hela ya zamani ya kahawa na hela ya juzi ya mawe, na kuna wale mama ambao mtaa mzima unawaogopa kidogo hata kama hawajawahi kumzaba mtu kofi.

Kinachowaharibu maadui wetu wengi wa kike ni makelele. Anacheka peke yake, wigi jipya kila sini, kochi la dhahabu, glasi ya waini mkononi, na vijana wawili wamevaa miwani nyeusi wamesimama nyuma yake saa sita mchana Njiro kama wanasubiri gari la tangazo. Futa vyote hivyo. Mama wako avae kitenge kizuri alichoshonewa na fundi wake wa siku zote, sweta maana Kibosho kuna baridi, na simu ndogo ya batani pembeni ya ile kubwa. Alafu jiwekee sharti moja tu la kuandika nalo: kila ubaya anaoufanya upite kwenye jambo ambalo jirani angemsifia. Ukishika hapo skripti inaanza kujiandika yenyewe, ukiachia unarudi kwenye bastola.

Fanya hivi. Andika vitu ambavyo mama anayeheshimika anafanya kwetu. Analipia watoto wa watu ada. Msibani anafika wa kwanza na sufuria zake na mchele. Ni mwenyekiti wa kamati ya harusi. Ni mweka hazina wa vikoba. Anamtafutia mtoto wa mtu kazi. Sasa chukua kimoja kimoja ukigeuze silaha bila kubadilisha sura yake ya nje. Vikoba ndio nakipenda kuliko vyote, maana mweka hazina anajua nani kakopa, nani kashindwa rejesho, nani kakopa bila mume kujua. Ndani ya kikundi hicho kuna nesi, kuna karani wa mahakama, kuna mke wa askari. Mama wako hamhongi mtu hata siku moja. Anamwambia karani "lile deni lako la mwezi wa tatu nimelifunga mimi, usijisumbue mwanangu", basi, hajaomba chochote, na wiki mbili mbele jalada linachelewa kufika kwa hakimu. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe, usimweke mtu aje kuelezea kwenye simu.

Jambo lingine ambalo sijaona likitumiwa vizuri ni mnada wa kanisani. Waliokulia usharika wa KKKT, yaani Walutheri, huku kaskazini wanajua, ibada ikiisha watu wanatoka nje, sadaka za mazao zinapigwa mnada, mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo kafungwa miguu. Mwandike mama wako pale. Jogoo limeanza elfu ishirini, kuna mzee mmoja analitaka, mama anapandisha kwa upole huku anatabasamu, thelathini, hamsini, laki, mpaka mzee anakaa kimya na watu wanapiga makofi. Alafu mama anachukua jogoo anampelekea yule mzee mkononi, "la kwako hili shemeji, nimekununulia". Kwa dakika mbili umeshaonyesha ana hela, ana heshima, na amemdhalilisha mwanaume mzima mbele ya usharika na bado yule mzee analazimika kusema asante. Hakuna damu. Baadaye tukigundua huyo mzee ndiye shemeji aliyemnyang'anya shamba miaka ya nyuma, tutarudisha akili kwenye lile jogoo wenyewe.

Mazungumzo sasa, hapa ndio wengi wanaanguka. Dereva wake kaiba mzigo. Skripti ya kawaida itaandika "unanijua mimi ni nani wewe mbwa, nitakuua na familia yako yote". Hiyo inachekesha watu wa baa. Jaribu hivi, jikoni, sufuria la mtori, ile supu ya ndizi na nyama, liko mezani:

MAMA: Kaa ule kwanza. Umekonda wewe, mke wako hakupikii?
DEREVA: Ananipikia, mama.
MAMA: Na mtoto, wanafungua lini?
DEREVA: Jumatatu.
MAMA: Ada nimeshalipa. Ya mwaka mzima. (Anamwongezea nyama.) Hata baba yake asipokuwepo, huyo mtoto atasoma.

Kata hapo. Usimwonyeshe dereva akiacha kijiko wala usiweke muziki wa kutisha, mwache aendelee kula maana hawezi kuacha, ukikataa chakula cha mama mtu mzima umemtukana. Ona pia kwamba kila neno kwenye hiyo sini angeweza kulirudia mahakamani na lisimfunge. Wenzetu Marekani walishafanya kitu cha namna hii kwenye tamthilia ya Justified, msimu wa pili mwaka 2011, yule Mags Bennett aliyeigizwa na Margo Martindale (alipata Emmy kwa hiyo nafasi) anamkaribisha mtu pombe yake ya kienyeji, wanakunywa wote wawili kutoka chupa moja, mwenzie anaanza kukakamaa ndio anaambiwa sumu ilikuwa kwenye glasi. Msiige sumu tafadhali, kila mtu ataiga sumu. Chukua ule ukarimu tu.

Haya, kwanini yuko hivyo? Hapa nakaa kidogo maana ndipo panapotenganisha katili wa maana na katuni. "Anapenda hela kwasababu ni Mchagga" sio sababu, hiyo ni utani wa daladala na ukiiweka kwenye tamthilia umefeli mapema sana. Sababu ipo na iko kwenye sheria. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila zikaandikwa rasmi, na kwenye urithi zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Isome tena hiyo kama mwandishi. Yaani mume akifa, kihamba, lile shamba la migomba na kahawa, ni cha ukoo, kahawa ni ya ukoo, na kitu pekee ambacho huyu mwanamke anaruhusiwa kukidai ni watoto. Sasa mpe miaka ishirini na nane, watoto watatu, mume amezikwa pale pale kwenye migomba, na mashemeji wamekuja na kamba ya kupimia. Mwanamke huyo akitoka pale akiamua kwamba watoto wake ni mali, ni benki, ni jeshi, na hakuna hata mmoja atakayeondoka mikononi mwake, utamlaumu lakini utamwelewa. (Najua kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inayompa mwanamke haki sawa ya ardhi, iweke mdomoni kwa yule binti yake mwanasheria, na mama amjibu "mwaka themanini na tisa ilikuwa wapi hiyo sheria?")

Watoto wawe watatu au wanne sio zaidi, na nafasi zao zifuate mila maana zinakupa ugomvi wa bure. Kwa Wachagga mkubwa wa kiume ana sehemu yake, na kitinda mimba ndiye kwa kawaida anabaki na boma la wazazi, wa katikati anajitafutia. Tumpe mama wetu Manka, binti wa kwanza, ndiye huyo mwanasheria, ana akili kuliko wote na anajua vitabu vyote vya biashara, lakini mama hamwamini kabisa kwasababu ataolewa aende kwa watu, na hii inamuuma Manka kuliko makosa yote ya jinai ya familia. Godlisten anafuata, yuko Arusha, ndiye mkono, chalii wa Chuga kwelikweli, anaendesha kwa fujo, anapenda kuonekana, anampigia mama kila siku asubuhi kumsalimia. Elia wa mwisho, yuko nyumbani, mpole, anataka kufundisha shule ya msingi na hataki lolote. Godlisten anadhani yeye ndiye anampenda mama zaidi na mama atamlinda. Siku polisi wakibana na mtu mmoja inabidi atolewe, mama anamtoa Godlisten, kwasababu boma ni la Elia na boma likienda yote yameenda. Anamtoa huku anampikia machalari, zile ndizi za nyama, ya kuondokea. Iandike hiyo sini kwa urefu, usiharakishe, hapo ndipo watu watalia na kumchukia kwa wakati mmoja.

Kuna kitu cha kisheria kitakusaidia kubana zaidi. Sheria yetu ya Ushahidi inampa mume au mke nafasi ya kukataa kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, ina vighairi vyake ila ndio msingi. Mtoto hana kinga hiyo. Mama aliyejenga genge la watoto wake amejizungushia mashahidi ambao wote wanaweza kuitwa kizimbani. Manka analijua hilo tangu mwaka wa pili wa chuo na hajawahi kumwambia mtu. Mwache akae nalo mpaka episodi ya tisa.

Biashara yenyewe usiipe muda mwingi, watu hawaangalii tamthilia ili wajue ankara za mizigo, ila iwe sahihi. Tanzanite ndio rahisi. Iligunduliwa 1967, inachimbwa Mererani tu, ambayo ni Simanjiro mkoa wa Manyara, sio Arusha, ingawa watu wa mjini wanaisema kama mtaa wao, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa KIA. Wachimbaji wanaitwa wanaapolo, madalali ni mabroka, na mtu akikuandikia mwanaapolo anayeongea kama mtangazaji wa redio mrudishie skripti. Angalia mwaka wa stori yako. Kabla ya 2018 hakuna ukuta, mzigo unatoka kila upande. Kuanzia Aprili 2018 kuna ukuta wa kilomita kama 24 kuzunguka migodi na kupekuliwa getini, kwahiyo biashara ya mama inabadilika, hatumii tena vijana wenye pikipiki, anahitaji mtu mmoja anayeheshimika anayeingia na kutoka, na hapo kamati ya harusi inarudi kazini. Ukitaka kuonyesha tamaa inavyowapanda watu kichwani tumia juni 2020, Saniniu Laizer alipouza mawe mawili serikalini, moja kilo 9.27 lingine 5.1, akapata zaidi ya bilioni 7.7. Weka taarifa hiyo kwenye tv ya kijiweni Unga Limited, Godlisten anaangalia, hasemi kitu, tunaona tu sura yake. Mtu amekuwa bilionea kihalali na jirani zake wanamshangilia, wakati yeye amevunja watu miguu miaka kumi na bado anaomba mama amwekee mafuta.

Mpelelezi. Tafadhali asiwe kijana kutoka Dar aliyekuja na koti la ngozi. Awe wa hapa hapa, mama huyu alimfundisha kipaimara, labda hata alimchangia ada ya sekondari. Maana yake kila akienda kumhoji inabidi aanze na shikamoo mama, na mama aitikie marahaba mwanangu, hujambo, mama yako mguu unaendeleaje, na hapo askari ameshakaa chini kama mtoto kabla hajafungua daftari. Rudia salamu hii kila wakikutana mpaka mtazamaji aizoee. Alafu episodi ya nane aingie pale ukumbini asisalimie. Akae tu, atoe karatasi. Nakuhakikishia kwenye sebule za watu huku kwetu kuna mama atasema "eeh!" kwa sauti, na hujatumia hata risasi moja.

Kwenye taratibu za polisi msibuni. Kuna OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kuna RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa), kuna maelezo ya onyo (yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa), jifunze nani anafanya nini. Kitu kizuri kwa stori ni kwamba maelezo ya onyo yanatakiwa yachukuliwe ndani ya masaa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu, na kuna muda kama wa kumsafirisha ambao hauhesabiwi. Kwahiyo mama hawezi kujizimisha tu kwa presha ili saa zipite, hiyo ni janja ya kitoto. Kinachotakiwa ni askari mwenyewe azembee. Kwa mfano wamemkamata usiku kijijini, wamefika kituoni, na mpelelezi wetu kwa aibu ya kumhoji mama mtu mzima usiku anamwambia "pumzika kidogo mama, tutaongea asubuhi". Asubuhi anakiri kila kitu kwa utulivu wa ajabu. Miezi inapita, Mahakama Kuu, wakili anasimama anauliza swali moja tu la muda, na yale maelezo yanatupwa nje. Aliyaharibu kwa kumwonea huruma. Mama alijua? Usijibu.

Na kesi ya mauaji haina dhamana, wala hakimu wa wilaya haisikilizi, inaanzia kwa hakimu kisha inapelekwa Mahakama Kuu. Nimeona skripti mtuhumiwa wa mauaji anatoka kwa dhamana jioni ile ile akiwa na miwani. Hapana jamani.

Isale nimeiacha mpaka hapa maana inahitaji mkono mwepesi. Lile jani kwa Wachagga ni la kuomba msamaha na amani, mtu akikuletea isale kukataa ni kazi kubwa sana, wazee watakushangaa na ukoo utakusema. Sasa mama wako ana mjane mmoja kule Rombo ambaye mume wake alipotea na ndiye shahidi wa muhimu. Hatumi vijana. Anaenda mwenyewe na wazee wawili, mbuzi, mbege na isale mkononi, anapiga magoti, anasema nimesikia kuna maneno kati ya nyumba zetu, kama tumekukosea utusamehe. Hajasema kakosea nini. Wazee wanamgeukia mjane. Serikali inaweza kuendelea na kesi, mauaji hayamalizwi na wazee, lakini yule mwanamke siku ya ushahidi hataonekana, na jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itabaki na makaratasi. Ila mtendee haki jani lenyewe, weka mzee mmoja pale anayejua kinachofanyika na anayeona aibu, asiseme, anywe mbege yake aondoke mapema. Bila huyo mzee utaonekana unatukana mila za watu na watakuwa na haki ya kukukasirikia.

Mganga wa kienyeji sitaki hata kumsikia. Ukiweka uchawi, mama hana tena kosa, kosa ni la majini.

Mwisho wake? Ajali ya gari pale mlima wa Kikafu hapana, kurukwa na akili hapana, kuokoka kwenye mkutano wa injili hapana kabisa. Mimi ningempa kifungo cha nje, sio kile cha mahakamani, yaani anashinda kesi na anarudi kwenye boma, nyumba kubwa, ni desemba, magari yanapanda kutoka Dar na Nairobi kila nyumba imejaa wageni, na kwake hakuna anayekuja. Manka ametoa ushahidi, Godlisten yuko gereza la Karanga, Elia kaenda kufundisha mbali. Vikoba wamechagua mweka hazina mwingine bila ugomvi wowote. Lakini kama unataka afungwe mfunge, mradi mmoja wa watoto ndiye amfunge na sio DNA.

Kuhusu kumpata muigizaji, usichukue yule anayejulikana kwa kufoka. Tafuta mama mwenye sauti ya chini, mpe ile sini ya mtori asome, na mkataze kukunja sura hata mara moja, anayeanza kukodoa macho kwenye neno "ada" mwambie asante utampigia. Anayeuliza "huyu dereva namuongezea nyama mara ngapi?" huyo mpe mkataba.

Lokesheni ni Kibosho au Machame kwa boma, Kiborloni kwa stoo ya mitumba, Arusha Ngarenaro na Unga Limited kwa Godlisten, na kibali cha Bodi ya Filamu mkishughulikie mapema sio wiki ya kushuti. Masika, machi mpaka mei, mvua kwenye bati itakula sauti zako zote kwahiyo sini za jikoni zipange kuanzia julai. Na kama dairekta anataka mlima uonekane dirishani nyuma ya mama, crew iwe imeshasimamisha taa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne wingu limeshafunga na mtakaa mnalipia magenereta bure mpaka jioni.